Hodi ya Elfu Thelathini

Septemba 1, Jumatatu

Joha ana tovuti inayotembea!

Naandika hilo kwanza maana limenikaa kooni tangu mchana kama mwiba wa samaki. Shajara hii alinipa mwanangu Elisante, ni ya ofisini kwao, ina kamba ya kuwekea alama. Alisema, mama, hasira zako ziandike humu, usinipigie saa za kazi. Haya. Naandika. Kurasa zitaisha kabla ya hasira.

Kulikuwa na kikao cha akina mama wa zabibu, hapa hapa Ipagala. Tumekaa, tumesali, tumegawiwa soda. Joha akatoa simu yake ya kupangusa, akaipitisha mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Bonyezeni pale palipoandikwa Bidhaa, akasema. Wakabonyeza. Ukurasa wa kwanza ukasogea pembeni taratibu, wa pili ukaingia upande mwingine, laini, kama pazia la chumba cha bibi harusi. Wakapiga makofi! Wanawake wazima!

Kisha akasimama mgeni wa kikao, Octavian, mnunuzi wa hoteli moja mpya huko Msalato, kwenye uwanja wa ndege. Mnene, mpole, shikamoo anawapa hata wasiostahili. Akasema hoteli inataka mama mmoja wa kuwaletea zabibu kavu mwaka mzima. Mmoja tu. Hawezi kuzunguka nyumba hadi nyumba, kwa hiyo Jumatatu ijayo asubuhi atakaa ofisini apitie tovuti zetu, na atakayempendeza atampigia kabla ya saa sita.

Wenye tovuti tuko wawili. Mimi na Joha.

Hapo Joha akanigeukia, mbele za watu, akasema Mama Elisante, yako nayo nzuri, ila kurasa zake zinakuja pap! pap! kama mlango uliosahauliwa wazi wakati wa upepo. Wakacheka hadi soda ikawapalia.

Nani alimfundisha Joha kukausha zabibu? Mimi! Alipohamia kutoka Kondoa alikuwa anaanika chini kwenye mkeka, kuku wanapita juu. Nikampa chanja ya kwanza na chandarua cha kuzuia nzi. Leo mimi ni mlango wa upepo.

Na zabibu zangu za Mvumi zimeiva. Zabibu hazina subira. Mwaka jana madalali walinizungusha mpaka zikaoza, nikawamwagia nguruwe wa jirani. Nguruwe walifurahi. Mimi nililia, jikoni, mlango nimefunga. Mwaka huu nguruwe wasinitazame.

Septemba 2, Jumanne

Nimemwamsha Debora kwa maneno. Huyu ni mjukuu wangu, mke mwenzangu, yuko chuo mwaka wa tatu, anasomea kompyuta. Anakaa kwangu, anakula uwele wangu, na mlenda anausukumia pembeni kama dawa. Tovuti yangu aliitengeneza yeye wakati wa Pasaka. Nikamwambia nataka kurasa zitembee kuliko za Joha. Akasema inawezekana, tena si kazi kubwa, kuna plagini.

Nikamwambia plagi ya sebuleni iliungua tangu Juni, atumie ya chumbani.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaanza kunieleza polepole, kama mimi ndiye niliyezaliwa juzi. Tovuti huvalishwa nguo. Zamani fundi alikata na kushona kila nguo mwenyewe. Siku hizi kuna kabati, wao wanaliita fremuwaki, nguo zimo tayari, wewe unataja jina la nguo na ukurasa unaivaa. Sasa kabati lake lilikuwa halina nguo za mwendo. Plagini ni droo ya kuongeza. Ndani yake mna namna za ukurasa kuteleza, kufifia, kukua. Nikasema kabati nimelielewa, mbona hukuanza na kabati.

Akaongeza na ushauri ambao sikumwomba. Namba ya simu iwekwe ukurasa wa kwanza, juu kabisa, maana mnunuzi anataka namba, hataki ngoma. Nikakataa. Namba itabaki ukurasa wa tatu. Mwanamke haombwi namba mlangoni. Mtu aingie, aketi, aone zabibu, amjue mwenye nyumba, ndipo aombe namba.

Ila jambo moja nililiokota. Debora alisema wapo watu ambao kurasa zikiteleza wanapata kizunguzungu, na tovuti yenye adabu huwatulizia. Nikauliza, kizunguzungu cha kweli? Akasema wengine hadi kichefuchefu.

Nimeliweka akiba.

Septemba 3, Jumatano

Imetembea. Sijapenda.

Debora alinionyesha baada ya uji. Unabonyeza, ukurasa wa zabibu unateleza unaingia. Kama wa Joha, tena laini zaidi. Lakini nilipoutazama mara ya tatu nikaiona kasoro. Unaingia bila hodi! Mgeni ameketi anasoma habari zangu, mara ukurasa mwingine huo, umemkalia mapajani. Nyumba gani hiyo? Hata mbuzi hulia kwanza kabla ya kuingia jikoni.

Debora akasema, bibi, ni ukurasa, si mtu. Nikamwambia una jina langu juu yake, kwa hiyo ni mtu, tena ni mimi.

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe utani wa kijukuu ukampanda. Akatengeneza pazia la zambarau linalopita kati ya ukurasa unaotoka na unaoingia. Juu yake limeandikwa HODI kwa herufi kubwa nyeupe. Akauliza kama aandike Mbukwa, kwa Kigogo. Nikasema Octavian ni mtu wa Bukoba, atadhani ni dawa ya minyoo. Hodi inatosha.

Wazo la ajabu! Hoteli gani imewahi kuona ukurasa wenye malezi?

Tatizo moja. Pazia halikai. Unabonyeza, zambarau inapita kama kope, kwisha. Hodi yenyewe sikuisoma, na mimi ndiye niliyeiomba. Nikamwambia hiyo ni hodi ya mwizi, anagonga huku ameshaingia. Hodi ya watu hupigwa mara tatu, na katikati mwenye nyumba anapewa muda wa kujifunga khanga. Debora akasema mwendo ukizidi hapo mtu anachoka, tena pazia likiwa linapita ukurasa hausikii kidole, ni picha tu, ubonyeze usibonyeze. Nikasema ndiyo vizuri. Nani anabonyeza mwenzake anapopiga hodi?

Akasema, bibi, nenda kaangalie chanja.

Nimefukuzwa sebuleni kwangu, na hodi yangu.

Septemba 4, Alhamisi

Nimemtembelea Joha. Kwa wema.

Nilipeleka papai. Ndani lilikuwa limeanza kulegea, lakini nje lilipendeza. Nikapiga hodi tatu, akaitika, karibu Mama Elisante, karibu shoga yangu, leo jua limetokea wapi! Mwanawe Athuman alikuwepo, mwanamume mzima mwenye kibanda cha kutengeneza simu, ndiye fundi wa ile tovuti. Nikaisifu mpaka mdomo ukakauka. Kisha nikashusha sauti. Nikasema kuna jambo nimelisikia juu ya yule Octavian, na roho yangu haitatulia nikilificha. Ana kizunguzungu. Cha kuzaliwa. Kitu kikiteleza tu mbele ya macho yake, anatapika.

Joha akashika kifua. Maskini mtoto wa watu! Athuman akanitazama kwa jicho moja, akauliza habari hizo nimezipata wapi. Nikasema kanisani. Yeye Mwislamu, atakwenda kumuuliza nani?

Joha akamwamuru atoe mwendo wote, palepale, kurasa zitulie kama maji ya mtungi. Athuman akanung'unika kwamba ile ni kazi ya wiki mbili, tena aliiwekea mia tano nzima. Mama yake akasema wiki mbili zako zisimtapishe mtoto wa mwenzio. Akatoa. Na kwa kuwa huko juu pakabaki peupe, Joha akasema aweke namba ya simu, kubwa, mgonjwa asihangaike kuitafuta. Nikamuunga mkono! Nikasema iwe kubwa zaidi.

Nimerudi naimba pambio. Tovuti ya Joha sasa ni gunia. Limesimama tu.

Alinifungia vitumbua vya njiani. Vilikuwa vitamu, jambo ambalo limenikera.

Septemba 5, Ijumaa

Mia tatu!

Leo nimejua kwa nini hodi yangu inakimbia. Debora alikuwa anasonga ugali, kompyuta ameiacha wazi mezani. Mimi niliishia darasa la nne, lakini namba sikuzisoma nikiwa nimelala. Katikati ya yale maandishi ya rangi rangi nikaona neno hodi, na mbele yake 300ms.

Nikamwita. Mia tatu hii ya nini? Akajibu kutoka jikoni kwamba huo ndio muda wa pazia. Nikamuuliza mia tatu siku hizi inanunua nini, hata andazi la kushiba hupati! Akasema, bibi, si shilingi, ni vipande vya sekunde, sekunde moja ina vipande elfu. Nikamwambia asiniletee hesabu za chuo, aniambie hiyo ms ya mwisho ni nini. Akafungua mdomo. Ugali ukaanza kunuka moto, akaugeukia.

Hakuna haja. Nilishaelewa mwenyewe. Ms. Msalato!

Yaani bibi yake anagombea hoteli nzima, na yeye anapeleka Msalato mia tatu. Athuman alimwekea mama yake mia tano, nilimsikia kwa masikio yangu. Mia tano, mtoto wa kibanda cha simu! Na mimi, mjane wa Mzee Mazengo, mwenye mjukuu wa chuo, mia tatu.

Nikamwambia aweke elfu. Akasema elfu ni sekunde nzima, mtu ataona tovuti imekwama. Nikamwambia basi elfu tatu. Akasema, tena bila kugeuka, bibi wewe unajua zabibu, mimi najua hii, kila mke na chungu chake.

Mke mwenza gani huyo! Nimekula ugali wa kuungua kwa kimya kikubwa. Hakukiona hata hicho kimya.

Septemba 6, Jumamosi

Mvumi, shambani. Vichala vinaning'inia kama viwele vya ng'ombe aliyechelewa kukamuliwa. Yotham anayeniangalizia shamba anasema wiki moja, ikizidi nyuki watamaliza. Tumevuna mistari mitatu, iliyobaki minne. Chanja nyumbani zimejaa, magunia mawili yamekauka tayari. Yote yanasubiri neno la mtu mmoja mnene wa Msalato.

Nimepiga picha ya vichala kwa simu ya Yotham, akamtumia Debora. Nilisimama pembeni ya mzabibu aliopanda marehemu. Mzee hakuwahi kuona zabibu zetu zikiingia hotelini. Alisema zitaingia. Alisema mambo mengi yule mzee, mengine alikuwa amelewa, lakini hilo alilisema asubuhi.

Lazima nipate hii kazi.

Septemba 7, Jumapili

Nimefanya. Sijutii.

Kabla ya ibada Debora alikuwa anaoga. Leo maji yalitoka, kwa hiyo alioga kwa kirefu. Kompyuta wazi. Nikavaa miwani. Hodi, 300ms. Nikaweka kidole, nikaongeza sifuri moja. 3000. Nikaitazama. Bado ilikuwa na sura ya umaskini. Nikaongeza nyingine. 30000ms. Elfu thelathini, Msalato! Hapo ikakaa sawasawa, kama kilemba.

Kuhifadhi najua. Kila siku namwona akibana vibonye viwili kwa pamoja kama mtu anayeua chawa, kile cha pembeni chini na herufi S. S ya Sara, jina langu. Nikabana. Kidoa fulani huko juu kikatoweka. Debora alipotoka bafuni alinikuta kwenye kochi na Biblia.

Baada ya ibada alikuwa na mazoezi ya kwaya, bodaboda anapiga honi getini. Akaichomeka picha ya vichala harakaharaka, akasema, bibi, naisukuma, maana yake anaipeleka hewani. Hakuijaribu. Alisema jana ameijaribu mara ishirini. Akasukuma, akabeba mkoba, akaenda.

Nikamwambia Mungu akubariki. Na nilimaanisha.

Septemba 8, Jumatatu

Saa mbili. Nimevaa kitenge cha harusi ya Elisante. Simu iko juu ya kabati la vyombo, hapo ndipo mtandao unashika.

Saa tatu. Kimya. Anasoma.

Saa nne kasoro. Simu! Elisante, anauliza kama naandika. Nikamwambia atoke mlangoni pangu, kuna mgeni anakuja.

Saa nne na nusu. Kimya. Debora yuko kwenye mtihani, kazima simu. Kuku amepanda kwenye chanja, nimemrushia kandambili.

Saa tano na robo. Vigelegele. Nyumba ya pili. Navijua, vya Joha vina mkwaruzo mwishoni.

Huenda ana mgeni kutoka Kondoa.

Saa sita. Huenda saa ya Octavian iko nyuma.

Saa saba. Nimevua kitenge.

Septemba 9, Jumanne

Joha amekuja na sahani ya vitumbua. Kunishukuru!

Alinikumbatia mlangoni, kabla hata sijaitika karibu. Akasema shoga yangu, bila wewe ningempoteza mteja. Octavian alifungua, akaona zabibu, akaona namba juu, akapiga. Alisema tovuti iliyotulia inapendeza, nyingine zinamchosha macho.

Nikauliza kama alitapika. Akasema alhamdulillahi, hapana. Tumemwokoa.

Tumemwokoa.

Halafu akaketi, akasema hoteli inataka magunia mengi kuliko aliyonayo. Kwa nini nisilete na yangu, tuyaunganishe, kila mtu apate chake? Nikauliza, yatakwenda katika mifuko gani? Akasema mifuko yake, imeshachapishwa. Zabibu za Bi Joha, na picha yake amefunga ushungi, anacheka.

Nikasema nitafikiri. Nimefikiri. Zabibu za Mzee Mazengo zivae uso wa Joha? Bora nguruwe.

Vitumbua nimevila. Sahani sirudishi.

Septemba 10, Jumatano

Siku ya balaa. Nitaiandika yote nisije nikapasuka.

Asubuhi Octavian alikuja kwa Joha kuona chanja. Nilimvizia njiani, najifanya nafagia. Nafagia barabara ya vumbi, na upepo huu wa Septemba! Akasimama, shikamoo mama. Nikasema marahaba, kisha nikamuuliza waziwazi kwa nini hakunipigia.

Akaona haya yule mtu, akakuna shingo. Akasema kwa kweli alianza na yangu. Bi Joha mwenyewe alimwambia siku ya kikao aanze kwa mwalimu wake. Kwa mwalimu wake! Nani alimtuma Joha kuniheshimu kwa siri?

Akasema picha za mwanzo zilimpendeza sana. Akabonyeza Bidhaa. Likaja pazia la zambarau, HODI. Akaitika, karibu! Wenzake ofisini wakacheka. Pazia limesimama. Akabonyeza, wapi. Akabonyeza tena, wapi. Akaitika mara ya pili, karibu mama, pita. Hodi imesimama palepale. Akadhani ni mtandao, akaenda kuchukua chai. Aliporudi ukurasa wa zabibu ulikuwa umefika. Akatafuta namba, haipo, akabonyeza Mawasiliano. HODI. Hapo akafunga, akafungua ya Bi Joha.

Akasema mama, msimu ujao uifanye nyepesi. Novemba tutatafuta mtu wa juisi ya zabibu, tutapitia tovuti tena. Akaenda zake. Nikabaki na fagio.

Jioni Debora akarudi, macho mekundu. Kumbe tovuti yangu ndiyo kazi aliyochagua kumwonyesha mhadhiri wake. Mbele ya darasa, ukutani, kwa ukubwa wa shuka. Mhadhiri akabonyeza. HODI. Darasa zima likaitika, karibuuu! Likaendelea kuitika muda wote pazia liliposimama. Sasa chuo kizima wanamwita Hodi.

Akafungua kompyuta hapohapo nilipoketi. Akaiona. 30000. Akanigeukia polepole. Akauliza, bibi, umeigusa?

Nikasema umeme ulikatika Jumapili, labda namba ziliruka.

Akasema kompyuta ina betri. Akasema hizo ni sekunde thelathini, bibi, sekunde thelathini kwa kila ukurasa. Nikamuuliza, mbona hapo mwisho pameandikwa Msalato? Akanitazama kwa muda mrefu sana. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akairudisha mia tatu, akaingia chumbani, akajifungia.

Nilimkaangia mayai mawili, nikayaweka nje ya mlango wake. Nikapiga hodi, mara tatu. Hakuitika.

Nilisubiri. Mimi najua kusubiri.

Septemba 12, Ijumaa

Yotham amepiga. Nyuki wamefika. Mistari miwili imeanza kuchacha ikiwa bado kwenye mti. Amevuna yote iliyobaki, anauliza apeleke wapi. Nikamwuliza jirani ana nguruwe wangapi mwaka huu. Yotham akasema, mama, usiseme hivyo.

Nilikaa jikoni. Mlango niliufunga. Kisha nikaosha sahani ya Joha, nikaiwekea zabibu kavu za chanja ya juu, zile bora, nikaenda.

Hakuniuliza kitu. Aliitika karibu kabla sijafika hodi ya pili, akatandika mkeka, akamwita Athuman alete mizani. Athuman akasema shikamoo bibi, vipi kule kanisani, mgonjwa wetu anaendeleaje? Nikamwambia bado anaombewa. Akainamia mizani, mabega yanamcheza.

Magunia yangu yameingia kwenye mifuko. Nimekaa naiangalia Zabibu za Bi Joha, mmoja baada ya mwingine, uso uleule unacheka. Mzee, zimeingia hotelini. Kwa ushungi.

Septemba 13, Jumamosi

Gari la hoteli limepita asubuhi kwa Joha. Nililiangalia nyuma ya pazia mpaka vumbi likatulia.

Debora amenisamehe, au amechoka kuninunia. Aliula mlenda bila kuusukuma. Akanieleza tena, kwa kalamu na karatasi, ms ni nini. Vipande vya sekunde. Nikatikisa kichwa kila alipotua. Akafurahi. Akasema, bibi, sasa umeelewa. Akaenda kusuka nywele kwa Jenifa, kompyuta kaiacha wazi. Ananiamini mtoto wa watu.

Nimeketi nimefikiri kwa utulivu, bila hasira, kama Elisante anavyotaka. Tuchukulie maneno ya Octavian mwenyewe. Aliitika mara moja. Aliitika mara ya pili, tena akasema mama, pita. Mtu aliyeitika mara mbili amebakiza moja tu! Kosa halikuwa hodi. Kosa ni kwamba pazia lilimkimbia akiwa kwenye chai. Elfu thelathini ilikuwa ndogo. Nilimwambia Debora tangu mwanzo ubahili haufai.

Na Novemba kuna juisi.

Nimevaa miwani. 300ms, ameirudisha pale pale. Sifuri. Sifuri. Na ya tatu, ya marehemu. Laki tatu, Msalato. Nikabana vibonye vyangu viwili, S ya Sara, kidoa kikatoweka.

Nimekaa kwenye kochi na Biblia. Safari hii Octavian anywe chai yake mpaka aimalize. Hodi itamngoja.